Samaki wa Juu ya Beseni

Saa kumi na mbili asubuhi, soko la Nyawera, Bukavu. Olive Nabintu analaza sambaza kumi, samaki wadogo kama dagaa, juu ya kipande cha plastiki, anaweka rula kando yao, anatazama kushoto na kulia kama mtu anayeiba mali yake mwenyewe, kisha anawapiga picha kwa simu. Picha yenyewe haitumi.

Picha kama hizo zinangojewa na Ziwa Wazi, kikundi kinachokusanya vipimo vya samaki wa Ziwa Kivu na kuviweka kwenye mtandao, mtu yeyote avisome bure. Hilo la bure ndilo linalomtia Olive wasiwasi.

"Mutu anapima samaki, hakule, hauzishe," anasema. "Sasa ye anapata nini? Uniambie."

Ni mjane anayeishi mtaa wa Bagira, ana watoto watatu shuleni. Siku njema humwachia faida ya faranga elfu kumi na tano. Ziwa likifungwa ili samaki wazaliane, hapati kitu. Kwa hiyo yeye humwona kila mwenye rula kama mtu aliyekuja kulifunga.

Kikundi kilikuwa cha vijana wa chuo kikuu, wanaume watupu. Mwaka jana wakaanza kutafuta wanawake wa sokoni. David, mratibu wao, anasema walichoka kupima ziwa bila wale wanaoishi kwalo. Olive ana maelezo yake: "Kuna mukubwa aliwauliza, bamama beko wapi? Njo pale bakatukumbuka."

Wanawake sita waliingia, Olive akiwa mmoja wao. Haukupita muda, vipimo vyao vikaonyesha kwamba sambaza wa Nyawera ni wakubwa kuliko wa ziwa zima. Wanaume wakanong'ona kuwa akina mama wanadanganya. Wengine wakataka vipimo vyao vyote vifutwe.

David akateremka sokoni. "Maman Olive, hizi samaki zenu zinakulaka nini?"

"Zinakulaka batu ba diplôme. Chunga vidole."

David hakubishana. Akaomba kikombe kimoja, kipimo cha kuuzia sambaza, kama mteja. Olive, kwa mazoea, akapenyeza mkono hadi chini kabisa ndani ya beseni lake, akamchotea. David akatazama: vijisamaki vitupu.

Lucie, muuzaji wa jirani, alicheka hadi madereva wa pikipiki wakageuka. Kila muuzaji hupanga wakubwa juu wavute macho, halafu anachota chini. Na rula nayo ilikuwa imeonyeshwa wale wa juu.

"Rula iko mugeni," Olive anajitetea bila haya. "Mugeni utamuonesha bidogo?"

Sasa David anataka wapimwe wale wanaoingia kikombeni. Hapo ndipo penye mfupa. Vipimo hivyo vitasema samaki wamepungua urefu, na akina mama wanahofu kwamba neno litakalofuata ni kufunga ziwa.

Olive anapima, anapiga picha, hatumi. Ametoa sharti: wanawake wakae kwenye kamati ya kikundi inayosoma vipimo kabla havijatoka, wasiitwe siku ya picha ya pamoja tu. Baada ya kuvutana, kamati imekubali kiti kimoja.

"Kimoja!" anasema, na kuguna. "Baume tisa, na mi peke yangu. Banazania ntasinzia."

Kikao ni Jumamosi. Ataweka mezani vipimo vya kikombe, vidogo kama vilivyo, pamoja na ombi: ikibidi ziwa lifungwe, soko liambiwe mapema, watu wakaushe samaki wa akiba. Wakikubali, picha zote zitakwenda. Wakikataa, zitabaki kwenye simu yake.

Kiti ni kimoja, lakini wataenda wawili.

"Ntabeba Lucie. Mi ntaongea. Ye atasimama kwa mulango, anaangalia nani anakonyeza nani."