Punda Aliyetoka Kwenye Kitambaa

Mkitaka kunicheka nichekeni tu, kwa sababu hata mimi nikikumbuka siku ile nashusha kofia machoni, na hapo niko peke yangu shambani. Mtu mzima wa miaka thelathini na moja, mwenye cheti cha ngumbaru (yale masomo ya jioni ya watu wazima, na nilikuwa wa kwanza kati ya wanafunzi elfu moja, sawa, tulikuwa kumi na mmoja), niliponzwa na punda wa sinema.

Ilikuwa Jumamosi mchana, miaka ya sabini, nami nimetoka Kanyangi kuja Kitui kununua blanketi la mama mkwe. Hilo ndilo lilikuwa limebaki katika mahari ya mchumba wangu Mwikali. Baba yake alikuwa amekubali, wazee wamekubali, lakini mama yake bado alikuwa akisema, "Ngojeni kwanza nijue kama huyo mtu ana akili," na mama akikataa blanketi, hakuna harusi. Nikanunua moja zito la kijivu, nikabaki na saa nzima ya kungoja basi. Hapo ndipo nilipopotea. Nilisikia watoto wakicheka ndani ya ukumbi, nikaona tangazo la sinema ya punda anayeongea, nikajiambia nitachungulia kidogo tu.

Ndani kulikuwa giza tupu, madirisha yamezibwa kwa magunia, nikapapasa hadi nikapata benchi. Ndugu zangu, yule punda. Sinema ilikuwa ya Kizungu, lakini mwenye mashine alikuwa akitafsiri kwenye kipaza sauti, kwa hivyo punda alimgombeza bwana wake kwa Kikamba safi, "Leo maji utabeba wewe, mimi nitatembea nyuma nikikuchapa." Nilicheka mpaka machozi yakajaa viatuni. Nikampiga jirani yangu kofi la goti, nikamwambia, "Umemsikia huyo?" Naye akacheka akanisukuma bega, tukawa kama watu waliojuana miaka mia.

Halafu jirani akageuka nyuma akasema, "Nyinyi wa Sunday school, ketini chini, mnazibia wenzenu."

Hiyo sauti nilikuwa nimeisikia mara tatu tu, na zote ilitoka upande wa pili wa ukuta, siku za mahari. Kwetu Ukambani (vijana wa leo hamjui haya) mtu na mama mkwe wake wana nthoni, ile heshima ya kuoneana haya. Hamkutani uso kwa uso. Ukimwona njiani unaingia kichakani hata kama kina nyoka, naye anajifunika leso mpaka upite. Mimi nilikuwa nimempiga mama Mwikali, mwalimu wa hao watoto wa Sunday school, kofi la goti.

Moyo ulipiga kwa kishindo hadi nikadhani huko Mtito Andei, kwenye barabara ya Mombasa, madereva wa malori wameshuka kukagua magurudumu. Na punda naye hakunionea huruma. Kila akiongea, benchi lilitetemeka kwa kicheko cha mama, nami nikauma blanketi kwa meno yote, maana kicheko changu kinajulikana hata ng'ambo ya mto.

Ndipo mwenye mashine akatangaza, "Mkanda huu unaisha. Dakika mbili tu tutafungua madirisha niweke mwingine."

Dakika mbili. Mlango ulikuwa mbele kabisa, kando ya kitambaa cha sinema, na nikisimama kivuli changu kingemfunika hadi punda. Nikajitanda blanketi kichwani, nikashuka sakafuni, nikaanza kutambaa kwa mikono na magoti, huku nikiomba maombi ambayo hata mchungaji wetu hayajui.

Sikujua kwamba mwanga wa mashine unafika chini vile. Nilipita katikati yake, kitu cha kijivu chenye miguu minne, wakati uleule punda akisema, "Nimechoka na hawa watu, mimi naondoka."

"Ametoka," mtoto mmoja akasema. "Ametoka kwa kitambaa."

Watoto elfu mbili walipiga mayowe, mabenchi yakaanguka, mtu akararua magunia dirishani na jua likaingia lote. Nikawa pale kwa magoti, blanketi limeniteleza mabegani, na hatua mbili mbele yangu mama Mwikali, aliyekimbia kuwatuliza watoto. Tukatazamana. Kisha akajifunika leso akageukia ukuta, nami nikageukia wangu, na ukumbi ukanyamaza, kwa sababu hata watoto walielewa. Akilini nilimwona Mwikali akiolewa na mwingine, nimesimama mbali, nimeshika blanketi.

"Muulize huyo mtu," mama akamwambia mwenye mashine, "hiyo blanketi ni ya nani."

"Anauliza blanketi ni ya nani," yule akasema kwenye kipaza sauti, mji mzima ukasikia.

"Ni ya mama," nikauambia ukuta.

"Anasema ni yako, mama."

Nikaanza kupangusa vumbi la sakafu kwenye blanketi.

"Basi mwambie akaifue kabla ya kuileta. Na alete pia mbuzi wa faini ya goti langu."

Kuileta, alisema. Nilikimbia nikilia kwa furaha na aibu pamoja. Blanketi nililifua mara tatu, mbuzi nikapeleka, na Mwikali ndiye anayenipikia chai ninapowasimulia haya. Tangu siku ile siingii sinema kabla ya kuuliza mlangoni ni kina nani wamo ndani, na sigusi goti la mtu nisiyemwona uso.

Lakini jambo moja bado linaniuma. Nimeambiwa mama mkwe aliwatuliza watoto, akaketi, akatazama mkanda wa pili hadi mwisho. Nimemtuma Mwikali mara nyingi amuulize; hurudi akicheka tu, hasemi neno. Mwaka wa ishirini huu mama anajua yaliyompata yule punda, nami, kwa adabu zetu, siwezi kumuuliza.