Pua Isiyokolea

Mume wangu alikuwa mlinzi wa mchana kwenye nyumba ya bwana mmoja kutoka bara, hapa kwetu Mangapwani. Bwana huyo alikuwa na mbwa wawili wa aina ya pitbull, dume na jike, wote pua nyeusi tii. Mate ya mbwa yakimgusa, mume wangu huosha mara saba, moja kwa udongo, ndipo aingie ndani. Nilikuwa nikimtania kwamba kwa kuosha kule atatumalizia udongo wa shamba.

Jike alipozaa nilikwenda kuchungulia. Mimi huwapaka maharusi hina na piko, ile rangi nyeusi, na rangi nisiyoijua hunivuta. Watoto wote walizaliwa na pua za waridi, kisha weusi ukaanza kuingia kwa madoadoa. Mmoja tu ndiye aliyekataa. Pua yake ikawa kahawia yenye wekundu, sawasawa na hina iliyobanduliwa sasa hivi.

Bwana hakupendezwa hata kidogo. Alisema mume wangu ameacha geti wazi, jike akapandwa na mbwa koko.

"Sikulifungua," mume wangu akamjibu.

"Weusi wawili hawazai kitu hiki. Usinidanganye." Akamwambia mwezi ukiisha atafute kazi pengine.

Nikamsihi mume wangu asubiri. Hina ikibanduliwa huwa nyekundu, ikilala hukolea. Niliamini kabisa kwamba na pua ile itakolea, na kila nikipita nilikuwa nikiingia kuitazama. Wapi. Mwishowe nikamwambia kwa mzaha kwamba nitaipaka piko yaishe. Hakucheka.

"Nshasema sikufungua," akasema. "Sasa nimtie mbwa rangi ili niwe mwongo kweli?"

Siku daktari wa mifugo alipokuja kuwachanja, nami nilikuwa nimempelekea mume wangu chakula. Daktari alikuwa mwanamke wa mjini, mwenye haraka. Bwana akamwonyesha yule mtoto na kumtaka athibitishe kwamba baba yake ni mwengine.

Daktari akamgeuza. Midomo, kingo za macho, nyayo, zote kahawia. Hakuwa na hata unyoya mmoja mweusi. Akasema mwili wa mbwa huyu hauwezi kutengeneza weusi. Kila mtoto hupewa fungu moja la rangi na mama na jengine na baba, na fungu jeusi likiwepo hulifunika la kahawia. Mbwa anaweza kuwa na pua nyeusi maisha yake yote, na bado akawa na kahawia ya kuwapa watoto.

"Kama piko juu ya hina?" nikauliza. "Unaiona nyeusi tu, na hina ipo chini?"

"Hasa, dada. Huyu alipewa hina na wazazi wote wawili."

"Na wawili wenye pua kama hii, watazaa mweusi?"

"Hapana. Hao hawana nyeusi ya kutoa."

Nilifurahi mno, ningemuuliza mpaka alasiri. Bwana yeye alitaka kujua la geti. Daktari akamwambia kwamba pua hii haiwezi kumtia mtu hatiani, na kwamba dume wake mwenyewe huenda ndiye aliyeileta.

Bwana akacheka, akampapasa dume kichwani. "Haya, yamekwisha," akamwambia mume wangu. "Endelea na kazi."

Mume wangu akazitoa funguo za geti mfukoni, akaziweka juu ya meza ya barazani, taratibu.

"Bosi, mimi nlikwambia kwa mdomo wangu, hukuniamini," akasema. "Leo umeamini kwa sababu mbwa kapata wa kumsemea."

Hofu ilinishika, maana maharusi hawapatikani kila wiki na watoto wanakula kila siku. Lakini sikutamani azichukue tena. Nilikuwa bado na swali kwa daktari. Nikaliacha, nikabeba bakuli langu, nikamfuata mume wangu.