Ufunguo wa Karatasi

Miaka ishirini pale mjini Ipoh, Beng Huat alitengeneza rimoti za magari ya watu kama anayemenya njugu. Asubuhi ya kusafisha makaburi, baada ya kumchomea marehemu baba yake gari la karatasi, kama ilivyo mila yao, ili atembelee huko aliko, rimoti yake mwenyewe ikagoma.

Akatia betri mpya. Kimya. Akaisogeza hadi kwenye kioo cha gari. Kimya. Akaifungua tena, akasugua vyuma, akatoa betri na kuipima: imejaa. Akaviacha vyote juu ya boneti.

"Fundi mzima, leo umepatikana!" mkewe, Siew Lan, akamtania.

"Nyamaza, mama Jia. Hii rimoti haina ugonjwa."

Kicheko kikamkauka mkewe. "Lile gari la baba… ufunguo wake uliuchoma?"

Beng Huat akatia mkono mfukoni. Ufunguo wa karatasi ulikuwamo, umekunjika. Mzee yule alipokuwa hai, ukimfichia ufunguo hapakaliki, na usukani wake hakumwachia mtu.

"Nisamehe, baba, nilipitiwa," akasema, akautia kiberiti.

Ulipogeuka jivu, gari lao likalia nyuma yao, milango ikafunguka. Wakageuka wote wawili. Rimoti ilikuwa pale pale juu ya boneti, imefumuliwa, betri kando yake.

Siew Lan akamshika mkono kwa nguvu.

"Baba Jia," akanong'ona, "sisi tukae nyuma."