Masikio ya Mbuzi

Juzi, kwenye duka la kopi hapa Kakuma, msichana alikuwa akituma hadithi yake kwa mashindano yanayofungwa jioni hiyo. Alitusomea mahali mama anapotambua mbuzi wake walioibwa kwa rangi yao nyeupe.

"Rangi?" akauliza mzee mchungaji aliyeleta kitambulisho kitolewe kopi. "Mbuzi weupe wamejaa Turkana nzima. Alama ya mwenyewe iko masikioni. Yamekatwa namna gani?"

"Apa," msichana akamwita kama baba yake, "hii nimeandika mara sita."

"Basi huyo mama amepoteza mbuzi mara sita."

Nilicheka. Msichana hakucheka. Aliomba kalamu, akaandika upya akiwa amesimama, mzee akimchorea mikato kwa kidole kwenye sikio lake mwenyewe. Ikatumwa kabla ya duka kufungwa.

Nilijivuna kana kwamba nimemzaa mimi. Safu hii ya gazeti huwa naiandika mara moja tu. Leo nimeirudia mara tatu, kwa aibu.