Valvu ya Mama

Juzi, sokoni Masasi, niliona valvu kwenye meza ya fundi redio, kile kioo kinachowaka kama taa ndogo ndani ya mitambo ya zamani. Niliishika, na mara nikawa mtoto tena, Newala, barazani kwetu.

Baba alikuwa amefungua amplifaya, yaani kikuza sauti cha gitaa, aliyoiunda mwenyewe kwenye sanduku la mbao. Valvu zake zilikuwa zimechoka. Mpya alizopata zilikuwa nene, za aina nyingine, kwa hiyo ilibidi atanue matundu ya bati la kuzishikilia na kubadilisha nyaya. Kabla ya kuzitoa za zamani, aliiwasha akapiga gitaa, wimbo mmoja wa mwisho. Kulinuka risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, na kwa jirani walikuwa wakichoma korosho.

Mimi nilikuwa nalia. Mama alikuwa akiimbia kwenye amplifaya ile katika harusi za watu, mpaka alipofariki, nami niliamini sauti yake imebaki ndani ya vile vioo.

"Baba, ukizitoa, mama atakaa wapi?"

Baba hakucheka. Alichomoa valvu moja, ikiwa bado na moto, akaifunga kwenye kanga ya mama.

"Shika, mwanangu. Kaa naye."

Nilikaa nayo kifuani hadi ikapoa, nikadhani mama amelala.

Siku hizi najua valvu haihifadhi sauti ya mtu. Huikuza tu inapopita. Lakini fundi aliponiuliza kama nanunua, nilikuwa bado nimeifumbata, nayo imeshapata joto.