Jiwe Lisilotoa Unga

Katika kota za mgodi wetu, upande wa Geita, kila mwanamke alijua sauti ya jiwe la kusagia la jirani yake. Mtama mkavu ulikuwa na kelele yake, uwele yake, na muhogo uliokaushwa ulisikika kwa shida. Mtu alikaa barazani akajua nani atapika nini jioni hiyo bila kuinua kichwa. Kwa hiyo mume wangu alipoanza kusaga kioo nyuma ya nyumba, juma halikwisha kabla kota nzima haijajua kwamba kwetu kuna jiwe linalosaga kila jioni na halitoi unga.

Aliyelisema wazi ni mama wa mapacha, jirani yetu wa mlango wa kushoto. Alilisema kisimani, ndoo yake ikiwa bado haijajaa.

"Mwenzetu unasaga kila siku, na unga unanunua dukani. Hicho mnachosaga mnamlisha nani?"

Wanawake wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini nilirudi nyumbani na maji yakinimwagikia mgongoni, maana nilijua swali lile linakwenda wapi. Mgodini, kitu kinachosagwa nyumbani na kisicholiwa kilikuwa kimoja tu: mawe yenye dhahabu, yaliyotolewa shimoni ndani ya chombo cha chakula. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeona familia moja iliyokutwa nayo. Baba alipelekwa korokoroni asubuhi, na kabla ya adhuhuri mkewe alikuwa amekaa juu ya godoro kando ya barabara, sufuria zimepangwa miguuni, akisubiri lori la kwenda Isaka akapande treni. Majirani zake walipita mbele yake kama hawamjui. Mmoja wao nilikuwa mimi.

Sisi tulikuwa na haja ya nyumba ile. Mume wangu alikuwa fundi wa pampu, mtu wa upande wa Tanga, na kwao hakukuwa na shamba la kurudia. Kazi ikiondoka, nyumba inaondoka, na pengine yeye mwenyewe anaondoka kwa miaka.

Kioo kilianza kwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa na vyuma mjini. Yeye alikuwa na darubini ya shaba ya babu yake, na jioni akifunga duka aliisimamisha uani. Mume wangu alikwenda kununua misumari akakaa mpaka chakula kikapoa. Aliporudi alisema ameona wingu mbinguni, wingu lenye mwanga wake lenyewe, katikati ya kundi la nyota wanaloliita Jabari. Tangu siku hiyo alitaka darubini yake, kubwa zaidi, na kwa kuwa hakuweza kuinunua, akaamua kuitengeneza. Mfanyabiashara alimwagizia Bombay vioo viwili vinene vya duara, kila kimoja upana wa sahani ya kulia. Unaweka kimoja juu ya pipa, unamwaga maji na unga mkali wa kusugulia vyuma, unakiweka cha pili juu yake, unasukuma na kuvuta huku ukizunguka pipa. Baada ya majuma mengi cha juu kinakuwa na bonde dogo ambalo jicho halilioni, na bonde hilo ndilo linalokusanya mwanga wa nyota.

Ule unga mkali ulitoka dukani, ulikuwa kidogo na ulikuwa ghali. Mume wangu akaona autunze kwa kazi ya mwisho, na kazi ya mwanzo aifanye kwa mchanga. Alitaka mchanga mzito, mweusi, wenye makali. Akauchota kijitoni nilikokuwa nafulia, debe moja, akaubeba begani mchana kweupe mbele ya watu. Hakuna aliyefikiri lolote, naye pia hakufikiri. Mtu wa pwani anachota mchanga mweusi Geita, mchanga unaofuatana na dhahabu, anausaga ndani ya maji siku nyingi, na tope analihifadhi kwenye ndoo ili autumie tena! Mtu aliyezaliwa pale asingefanya hivyo hata kwa kulipwa.

Sajini wa walinzi alikuja jioni moja mapema mwezi wa Novemba. Mvua za kwanza zilikuwa zimechelewa, na upande wa ziwa mawingu yalikuwa yanajikusanya. Alikuwa Msukuma wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini. Alipiga hodi kwa adabu. Nikamwamkia, akaitikia, akapita moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba. Mama wa mapacha alikuwa amesimama uani kwake na ungo mtupu, akipepeta hewa.

Mume wangu alimweleza yote, haraka mno. Sajini alikipokea kioo, akakigeuza, akakirudisha. Kisha akaiona ndoo. Akachovya kidole, akasugua tope la kijivu kati ya vidole viwili, akaomba karai.

Kabla ya kuvaa sare alikuwa mchimbaji mdogo. Nililijua hilo tangu alipoliinamisha karai la kwanza, namna maji yalivyozunguka bila kumwagika, tope likitoka ukingoni kidogo kidogo kama mtu anayemwaga uji asimwage punje. Chini ya karai ulibaki mstari mweusi, mwembamba. Akautikisa. Mwisho wa mstari zikajitenga chembe mbili za njano, ndogo kuliko mbegu za mchicha.

Mume wangu alikaa chini. Hakuanguka, alikaa tu, kama mtu aliyechoka.

"Fundi," alisema sajini, "hii ni nini?"

"Sijui, afande. Ni mchanga wa kijitoni."

"Kijito gani? Ndani ya mpaka au nje?"

Swali hilo lilikuwa na uzito kuliko chembe zenyewe. Mgodi ulikuwa umezungushiwa nguzo za mpaka, zilizopakwa chokaa. Ndani ya nguzo, kila jiwe na kila kiganja cha mchanga kilikuwa mali ya mgodi. Nje, mchanga ulikuwa wa wanaojenga na wanaofulia. Mume wangu akasema nje. Sajini akamtazama kitambo. Akasema angeweza kuibeba ndoo ile ofisini sasa hivi, na ikishaandikwa, yeye mwenyewe asingeweza kuifuta. Lakini kama maneno ya fundi yalikuwa ya kweli, basi mchanga wa mahali pale ungetoa chembe kama zile. Usipotoa, chembe zilitoka kwenye mawe ya shimoni.

"Nikikosea mimi, nitachekwa," alisema. "Ukikosea wewe, utafungwa. Twende sasa. Mvua ikinyesha usiku huu, kesho mchanga wa hapo utakuwa ziwani."

Tukaondoka, sajini na karai, mume wangu na koleo, nami nyuma yao. Hakuna aliyeniambia nije, wala aliyenizuia. Jua lilikuwa limebaki kama kimo cha mtu juu ya vilima, na upepo wa mvua ulikuwa umeanza kunusika.

Njiani sajini aliuliza ni nini hasa mtu mzima anatafuta huko juu. Nadhani alikuwa anampima. Muongo husema kidogo au husema ovyo. Mume wangu akaanza kueleza, na kwa kuwa aliogopa kunyamaza, akaueleza mwaka mzima. Alisema mwezi huu Kilimia, kile kishada cha nyota, kinatokea mashariki mara giza linapoingia, na kwa kioo kile zitaonekana nyota nyingi pale ambapo jicho linaona chache. Mwaka ukishageuka, Jabari anapanda juu ya vichwa, na kwenye upanga wake kuna lile wingu lenye mwanga, ambalo mfanyabiashara alisema ndimo nyota zinamozaliwa. Wakati huohuo, kusini, karibu na ardhi, kuna mawingu mawili madogo meupe ambayo hayanyeshi wala hayasogei na upepo, kwa sababu nayo ni nyota, ila ziko mbali kupita akili. Mvua zikikatika, kwenye mwezi wa tano, upande huohuo wa kusini inapanda nyota moja yenye ukungu. Ukiipiga darubini si moja tena, ni rundo la mviringo, kama mtama uliomwagwa juu ya kitambaa cheusi. Na kiangazi, Nge akiwa amelala juu ya paa, karibu na mkia wake kuna vikundi viwili vya nyota ambavyo hata mtoto anaweza kuvionyesha kwa kidole.

Sajini alimsikiliza hadi mwisho. Akasema kwao Kilimia kikionekana jioni, watu wanatia majembe mipini, na hakuna anayeuliza kina nyota ngapi. Ni sita. Kisha akasema, "Ingia kijitoni, fundi. Nionyeshe."

Mume wangu aliingia na hapo nikaona kwamba hapajui. Alikuwa amekuja mara moja tu, na alama aliyoikumbuka ilikuwa mashuka yangu yaliyoanikwa. Sasa hapakuwa na mashuka. Palikuwa na mchanga uliokanyagwa na ng'ombe, na kila kona ilifanana na nyingine. Akachimba katikati. Sajini akachota maji kwenye dimbwi, akaosha, akatikisa. Hakuna. Wakasogea. Karai la pili halikutoa hata ule mstari mweusi. La tatu pia. Radi ilipiga mbali, upande wa ziwa, na mume wangu akaanza kuchimba ovyo, hapa na pale, kama kuku.

"Fundi," sajini alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha, "mchanga huu hauna kitu."

Nilikuwa nimesimama ukingoni. Sikuwa nikitazama mchanga, nilikuwa nikitafuta jiwe langu la kufulia. Siku ile ya debe nilikuwa nimemwona mume wangu akipiga magoti nyuma yake, upande ambao maji ya masika huzunguka na kutulia, na nilikumbuka kwa sababu alinirushia mchanga kwenye shuka nililokwisha kulisuuza, nikamgombeza. Jiwe lilikuwa palepale, hatua chache chini zaidi, nusu yake imefunikwa na majani yaliyoletwa na upepo.

"Ni huku," nikasema. "Nyuma ya jiwe hili. Shuka langu lilichafukia hapa."

Sajini hakuja mara moja. Aligeuka kwanza akaitafuta nguzo ya mpaka. Ilikuwa juu yetu, kwenye ukingo, na kwa mwanga ule haikuwa rahisi kusema jiwe langu liko upande upi wake.

"Mama, hapo ni ndani au nje?"

"Nje, afande."

"Unajuaje?"

"Wewe mwenyewe ulitufukuza na nguo zetu tulipokuwa tunafulia kule juu. Ulisimama kwenye nguzo ile, ukasema tushuke mpaka kwenye jiwe hili, na atakayepanda tena utamnyang'anya sabuni."

Alipima kwa macho kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye jiwe. Kisha akashuka, akachukua koleo mwenyewe, akachimba nyuma ya jiwe mpaka mchanga ukabadilika rangi. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kupiga karai. Aliosha bila haraka. Mume wangu alikuwa amegeuza mgongo, hakuweza kutazama. Mimi nilitazama. Mstari mweusi ulibaki chini, mpana, mzito, na sajini alipoutikisa ikatoka chembe moja. Akasubiri, akatikisa tena. Ikatoka ya pili.

"Geuka, fundi," alisema.

Akamwonyesha, kisha akalikung'uta karai ndani ya kijito, chembe na mchanga pamoja. Tulirudi tukiwa tumelowa. Pale nyumbani aliibeba ndoo ya tope, akaimwaga mwenyewe barabarani kwenye maji yanayokimbia, mbele ya mama wa mapacha na wengine waliokuwa wamejipanga barazani kungoja godoro letu litoke. Akasema kwa sauti iliyowafikia wote kwamba fundi anatengeneza miwani ya kutazamia Kilimia, na asisage tena ndani ya kota, maana kelele zinawatia watu wazimu.

Kazi iliyobaki ilifanyika uani kwa mfanyabiashara, kwa unga wake mkali, kisha kwa lami na unga mwekundu wa kung'arishia mpaka kioo kikawa kama maji. Ndugu yake wa Mwanza, aliyekuwa akitengeneza vioo vya kujitazamia, akakipaka fedha. Kilimia cha mwaka ule kilipita juu ya mawingu bila sisi kukiona. Kiangazi tulimwona Nge, na ule mtama uliomwagwa, na watu wachache walikuja. Mama wa mapacha hakuja.

Alikuja Novemba iliyofuata, mtoto mmoja kila ubavu, saa ya chakula cha jioni. Anga lilikuwa wazi. Sajini alikuwa amekuja pia, bila sare, na alikuwa ameinamia bomba la mabati la darubini yetu muda mrefu kuliko mtu yeyote. Kidole chake kilikuwa kikihesabu hewani. Kilifika sita, kikaendelea, kikasimama.

"Hizi nyingine zilikuwa wapi?" aliuliza.

"Zilikuwepo, afande."

Akalirudisha jicho kwenye darubini. Mama wa mapacha akampandisha mtoto mmoja vizuri kiunoni.

"Afande, tupishe na sisi," alisema. "Humo hakuna wa kumkamata."