Nilivyoachiwa ndege niirushe peke yangu hapa Singida, mimi mkamua alizeti wa Ilongero

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Mimi ni mtu ambaye hakuna kitu kinanishtua. Nimeishia darasa la saba, nikaanza na baiskeli ya kubeba magunia, leo nina mashine ya kukamua alizeti, Fuso mbili na trekta. Nimepinduka na gari nikatoka nacheka. Sasa ninayowaandikia hapa yamenitokea mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Nimerusha ndege. Peke yangu. Kiti cha pembeni kitupu!

Twende taratibu.

Kuna chuo kimoja cha urubani, jina naliacha, kilileta ndege ndogo ya viti viwili kufundishia hapa mkoani, maana uwanja wa huko kwao umejaa ndege kubwa mno. Mimi hamu hiyo ninayo tangu nachunga ng'ombe. Kiingereza cha redioni nilishakisomea tuition mwaka mzima, watoto wangu wananicheka. Daktari akanipima, mzima kama kigongo. Nikalipia.

Mwalimu ni binti, Kapteni Ester, Mnyiramba wa Misigiri. Umri ni wa mwanangu wa kwanza kabisa. Kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo baba," namwitikia, "Marahaba mwanangu," tunapanda.

Kazi ni moja: kuruka, kuzunguka uwanja, kutua. Tena na tena mpaka unaota. Mwalimu akiridhika anashuka, anakuachia uzunguke peke yako. Hiyo ndiyo solo. Hakuna anayekupangia siku, yeye ndiye anayeamua.

Mimi kwa mdomo wangu nilishatangaza Ilongero nzima kwamba Jumamosi naruka peke yangu. Mdogo wangu Athumani akaja na ukoo, wamejaa kwenye uzio wa uwanja.

Jumamosi ikapita, mwalimu hashuki. Athumani akanipigia kelele mbele za watu: "Kaka, ile ndege ina mwenyewe! Wewe ni abiria tu, umekalishwa mbele!"

Wakuu, ile iliniuma. Nikampelekea Kapteni kuku wa kienyeji wanne, majogoo ya maana. Akawapokea kwa mikono miwili. Kesho yake akasema, "Kuku watamu sana baba. Kutua bado."

Shida ilikuwa nini? Nawaambia ukweli kama nilivyoahidi.

Kwenye ndege mwalimu akiona mambo yanaharibika anasema "Naichukua", na wewe unaachia usukani hapo hapo. Mimi nilikuwa siachii. Mtoto ameniamkia asubuhi, halafu saa nne aninyang'anye usukani? Nilikuwa namjibu, "Subiri mwanangu, naiweka sawa."

Siku moja tulitua vibaya, ndege ikadunda juu kama mpira. Akasema naichukua, mimi nimeng'ang'ania. Akanisukuma na bega, akaongeza moto wa injini, tukapaa tena nikiona uzio unapita chini ya miguu.

Tulipozima injini alikuwa analia.

"Baba, shikamoo nitakupa asubuhi na jioni, mpaka uzeeke. Ila mle ndani nikisema naichukua, achia. Nina mtoto mdogo Misigiri, ananisubiri nirudi."

Nikaondoka nimeinamisha kichwa. Mimi huyu mnayemjua kwa maneno!

Nyumbani nikamweleza mama watoto. Akanikalisha uani, akanishikisha mfuniko wa sufuria uwe usukani, yeye akakaa pembeni anachambua mboga. Ghafla: "Naichukua!" Naachia. Ananirudishia, tunaanza upya. Wiki nzima! Ikafika mahali nakula ugali, anasema naichukua, nyama inaondoka. Majirani wakajua tumerogwa.

Ila iliingia. Siku zilizofuata Kapteni akisema neno lile, mikono inaachia yenyewe kabla hajamaliza.

Sasa sikia siku yenyewe.

Upepo wetu wa Singida mnaujua, hauna adabu. Nakuja kutua, ukanisukuma pembeni, uwanja ukawa unanikimbia. Mimi wa zamani ningelazimisha, watu wako pale uzioni wanatazama. Safari hii nikaongeza moto, nikapaa, nikazunguka upya. Hajaniambia mtu. Nikamtupia jicho Kapteni, anatazama mbele tu.

Mzunguko uliofuata nikatua laini kama unaweka yai mezani.

"Simama pale pembeni baba."

Nikajua nimeharibu. Kumbe anafungua mkanda! Akasaini karatasi ya kuniruhusu, akashuka, akaufunga ule mkanda juu ya kiti kitupu.

"Zunguka mara moja urudi. Ukiona siyo, usilazimishe. Zunguka tena."

Mlango ukafungwa.

Wakuu, bila ule uzito wa pembeni ndege iliruka kama imefukuzwa! Nikaliona ziwa Singidani linang'aa, mawe yetu makubwa kama kokoto, mashamba ya alizeti njano tupu. Nikapiga kelele kwa Kinyaturu na hakuna wa kunisikia. Nikajisemea, fulani, leo hapa hakuna wa kuichukua. Ni wewe.

Nikageuka, nikapunguza moto, nikashuka. Tairi zikagusa. Sikudunda!

Niliposhuka Kapteni alikuwa na ndoo ya maji, ndiyo desturi yao ya solo. Akapiga goti kidogo, "Naomba radhi baba," akanimwagia yote kichwani. Athumani aliruka uzio anataka kumvaa, eti binti gani anamwagia kaka yake maji! Mama watoto akamkamata shati huku anacheka na machozi yanamtoka.

Somo langu ni hili. Nilidhani mtu yuko tayari akijua kurusha. Hapana. Yuko tayari akiweza kuachia, na akiweza kuacha kutua hata watu wakimtazama.

Marubani mliomo humu, nyie mlikwamia wapi? Na wewe unayetamani, uliza chochote, mimi sifichi.

Mtaniuliza gharama, najua. Ada ya masaa ya kawaida hiyo kila mtu analipa, siihesabu. Nahesabu yale masaa kumi na moja ya ziada niliyoongezewa kwa sababu ya kukataa kuachia usukani kwa binti aliyeniamkia: shilingi 6,820,000.